Kodi ya Burudani na Jasho la Msanii

Mara kwa mara, hasa siku za kujadili makadirio ya fedha za serikali zinapokaribia, hutokea sauti za kutaka biashara ya burudani itozwe kodi kubwa zaidi. Wenye rai hiyo hutoa hoja tatu. Husema kwamba burudani ni anasa, na amuduye anasa amudu na kodi yake. Husema kwamba wanamuziki na waigizaji wamekuwa matajiri. Tena husema kwamba nyimbo na filamu za siku hizi zinawapotosha vijana, hivyo kodi itakuwa fimbo ya kuwarudisha njiani. Hoja hizi hutamkwa kwa wepesi mno, na mara nyingi na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Hata hivyo hapana budi zipimwe moja moja, maana taifa likikosea katika jambo hili, hasara yake haitaonekana katika vitabu vya hazina. Itaonekana katika uwanja wa ngoma uliokosa wachezaji.

Tuanze na anasa, kwa sababu hoja hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Neno burudani limetokana na kuburudi, yaani kupoa, na mtu hupoa baada ya joto la kazi. Wazee wetu walicheza ngoma baada ya mavuno, wakaimba walipotwanga na walipopiga makasia, wakaimba hata msibani. Katika maisha hayo kazi, ibada na starehe hazikutengwa kwa ukuta. Aliyejenga ukuta huo ni mtawala wa kikoloni. Yeye aliiona ngoma kuwa ni kelele na upotevu wa nguvu ambazo zingetumika shambani au bandarini, tena mwanya wa watu kukusanyika pasipo kusimamiwa. Kwa hiyo katika miji akaiwekea vibali. Beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi bara ya Tanganyika, ilitazamwa na maofisa kwa jicho hilo hilo. Vyama vyake vilishutumiwa kwa ubadhirifu wa fedha za mashindano, na papo hapo vikachunguzwa kwa hofu ya siasa. Terence Ranger ameieleza habari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni. Asemaye leo kwamba mpiga ngoma atozwe zaidi kwa kuwa anauza anasa anairudia, bila ya kujua, hukumu ya bwana shauri.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri mpya ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba utamaduni ni kiini na roho ya taifa, na kwamba ukoloni uliwafanya watu wake waone aya ngoma zao. Serikali ilifuata maneno hayo kwa vitendo. Iliunda Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kikafuatiwa na vikundi vya sarakasi na maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, jukumu la mafunzo lilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Katika miaka hiyo serikali ilitoa fedha ili sanaa iwepo. Leo mjadala wetu ni kiasi gani sanaa itoe ili hazina ijae. Mabadiliko hayo ni makubwa, na inashangaza kwamba yamepita karibu kimya kimya.

Simaanishi kwamba kila kiitwacho burudani ni roho ya taifa. Ukumbi unaouza pombe ya bei kubwa usiku kucha, huku muziki ukitoka katika mashine na hakuna mpigaji hata mmoja anayelipwa, ni duka la pombe lenye taa za rangi. Mwenye ukumbi huo akitozwa zaidi sioni utamaduni gani utakaopungua. Lakini hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu neno moja, burudani, limewafunika chini ya shuka moja watu ambao hawafanani kwa kazi wala kwa kipato.

Wako angalau wa aina tatu. Yupo anayesimama jukwaani, yaani manju, mpiga gitaa, mcheza ngoma na mwigizaji. Yupo mwenye nakala, ambaye hurekodi, huzidisha na kusambaza. Tena yupo mwenye njia, yaani kituo cha utangazaji, kampuni ya simu na makampuni makubwa ya ng'ambo yanayopitisha nyimbo na picha katika intaneti. Wa kwanza akipumzika, mapato yake hupumzika naye. Wa pili na wa tatu huingiza fedha hata wakiwa usingizini.

Historia ya dansi la Tanzania inaonyesha jinsi mzigo ulivyohama. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam na kuitwa DDC Mlimani Park. Magitaa na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alipokea mshahara. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake. Mwanamuziki aliyetunga wimbo uliopendwa nchi nzima hakuondoka na cha ziada. Walakini kodi ilipofika mlangoni ilikutana na shirika. Mashirika yalipodhoofika na kujitoa, bendi ziliachwa zisimame kwa miguu yao. NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na kisha ikajulikana kama Msondo Ngoma, ikiishi kwa viingilio vya wapenzi wake. Kodi inapofika mlangoni sasa inakutana na mtu.

Kuhusu mwenye nakala, tukumbuke kwamba kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu katika studio zake, lakini santuri zilikwenda kutengenezwa Kenya. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, alisikika katika kila kona ya Tanzania kwa santuri zilizotoka Kenya. Hata kabla ya hapo, Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti zao ziingie katika santuri. Sauti ilitoka Unguja. Mashine, ghala na hesabu vilikuwa kwingine. Na kodi ya kiwanda siku zote hulipwa kule kiwanda kilipo.

Sasa tuitazame hoja ya utajiri. Ni kweli wapo wasanii wachache waliotajirika, nao walipe kodi ya mapato kama matajiri wengine. Hapo sioni ubishi. Ila mtu huyo tayari yumo katika sheria ya kodi ya mapato, inayopanda kadiri kipato kinavyopanda. Kodi maalumu ya burudani haimtafuti yeye. Yenyewe hukaa katika kiingilio na humkata sawasawa nyota wa uwanja wa mpira na kikundi cha maigizo cha shule ya sekondari kilichouza tikiti ili kununua mapazia.

Tena mkato ulio sawa si mzigo ulio sawa. Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichapisha utafiti kuhusu sanaa za jukwaani uliogundua jambo ambalo kila kiongozi wa bendi analijua bila kwenda chuoni. Katika kiwanda cha nguo, mashine bora humwezesha mfanyakazi mmoja kutoa nguo nyingi kuliko baba yake alivyoweza. Katika ngoma haiwezekani. Ngoma iliyohitaji wapigaji watano na wachezaji kumi na watano miaka mia iliyopita inahitaji watu ishirini leo, na huwezi kuwaambia waicheze kwa nusu ya muda ili waongeze tija. Lakini watu hao ishirini wanakula, wanasafiri na kupanga nyumba kwa bei za leo. Kwa hiyo gharama ya sanaa ya jukwaani hupanda siku zote ikilinganishwa na bidhaa za kiwandani, hata pasipo kodi. Mwenye nakala hali yake ni kinyume: akishalipia nakala ya kwanza, nakala ya milioni moja haimgharimu karibu chochote.

Tuchukue hesabu ndogo, ambayo mwalimu anaweza kuifanya ubaoni. Kodi ya zamani ya burudani iliingizwa ndani ya kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998 kwa asilimia 20, na mwaka 2009 kiwango kikashushwa hadi asilimia 18. Kwa kiwango hicho, kiingilio cha shilingi 5,900 kina shilingi 900 za kodi na 5,000 za kikundi. Kiwango kikipandishwa hadi 30, kikundi kitalazimika kutoza shilingi 6,500 ili kibaki na zile 5,000. Watazamaji wakigoma kuzidisha 5,900, kikundi kitabaki na shilingi 4,538, na kutokana na hizo kilipe ukumbi, umeme na nauli. Kikundi kidogo kisichosajiliwa kukusanya kodi hiyo nacho hakiponi: hulipa kodi kila kinaponunua vipaza sauti na vitambaa vya mavazi, na hakina mahali pa kuidai irudishwe.

Mwaka 2013 serikali ilijaribu njia nyingine, ikaagiza kazi za muziki na filamu zinazouzwa katika kaseti na sahani zibandikwe stempu ya ushuru wa bidhaa. Nia yake ilisifika, nami naisifu bado. Wizi wa kazi ulikuwa umekithiri. Filamu iliyotolewa asubuhi ilikuwa ikiuzwa jioni na watu ambao mwenyewe hakuwajua. Stempu ingetenga halali na haramu, ingehesabu nakala, na msambazaji asingeweza tena kumdanganya msanii juu ya idadi iliyouzwa. Lakini stempu ilibandikwa juu ya sahani wakati wimbo ulikwisha kuanza kuihama sahani. Vijana walikuwa wakinakili nyimbo katika simu zao kwenye vibanda vya mitaani, na baada ya miaka michache hata vibanda hivyo vikapungua, kwa kuwa wimbo ulipatikana moja kwa moja katika intaneti. Aliyefuata sheria alibandika stempu na kulipa. Aliyenakili katika simu hakuwa na cha kubandika. Hivyo ndivyo kodi inavyoweza kumwelemea mtiifu peke yake.

Nchi nyingine zimepita njia hii kabla yetu, na mifano miwili yafaa ilinganishwe. Uingereza ilianzisha kodi ya burudani mwaka 1916, katikati ya vita, kwa ahadi kwamba ni ya muda. Ilidumu miaka zaidi ya arobaini. Tamthilia za jukwaani ziliondolewa mwaka 1957, na sinema mwaka 1960. Katika mwaka 1946 tikiti zilizokatwa katika sinema za nchi hiyo zilifikia milioni 1,635. Kufikia 1960 zilikuwa karibu milioni 500. Tusiseme kwamba kodi ndiyo iliyofanya hayo yote, maana televisheni ilikuwa imeingia majumbani. Lakini sinema ilipambana na mgeni huyo ikiwa na mzigo mgongoni, na mzigo ulipotuliwa watazamaji walikwisha kuondoka.

Ufaransa nayo ilikuwa na desturi ya kale zaidi: tangu 1699 tikiti za tamthilia mjini Paris zilikatwa fungu kwa ajili ya maskini na hospitali. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili ilifanya jambo jipya. Mwaka 1946 iliunda kituo cha taifa cha sinema, na mwaka 1948 ikaweka kodi katika kila tikiti, iwe ni ya filamu ya Kifaransa au ya Hollywood. Fedha hizo zilikwenda kugharamia sinema ya nchi yenyewe. Kiwango chake kilifika asilimia 10.72, nao ni mkato usio mdogo, ila Mfaransa aliyekwenda kutazama filamu ya Kimarekani alikuwa, pasipo kukusudia, akimlipia Mfaransa mwenzake atengeneze filamu. Baadaye vituo vya televisheni, na hatimaye wenye kusambaza picha kwa intaneti, waliingizwa katika mchango huo huo.

Sisi tuliwahi kukaribia wazo hilo. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka iliyofuata sinema zetu zilijaa watazamaji wa filamu za Kihindi na za Kimarekani. Kila tikiti ilikatwa kodi. Lau sehemu kubwa ya kodi hiyo ingefungiwa katika kisanduku cha filamu za Kitanzania, huenda tungekuwa na filamu nyingi za kufundishia badala ya chache kama Fimbo ya Mnyonge, ambazo mwalimu akizitaka leo hupata shida kuziona.

Kwa hiyo swali la iwapo burudani itozwe zaidi, likiulizwa hivyo tu, halina jibu. Lazima liulizwe: atozwe nani, na fedha ziende wapi? Jibu langu ni kwamba mwenye njia atozwe zaidi kuliko sasa, mwenye nakala abaki alipo, na tikiti ya sanaa ya jukwaani inayochezwa na watu walio hai isitozwe kabisa. Sheria za miaka ya karibuni zimeelekea upande mwingine. Mwaka 2022 Tanzania iliweka kodi ya asilimia 2 juu ya malipo yanayokwenda kwa watoa huduma za kielektroniki wasiokaa nchini. Mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo kwa watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni walio wakazi. Mtaalamu atanikumbusha kwamba ya pili ni malipo ya awali ya kodi ya mapato, na kwamba makampuni ya ng'ambo hayakamatiki kwa urahisi. Nakubali yote mawili. Bado kijana wa Mbagala anayeigiza vichekesho kwa simu anakatwa mkononi kabla hajajua mwaka utamwachia faida au hasara, na kampuni inayobeba vichekesho vyake kuvipeleka duniani inakatwa chini ya nusu ya kiwango hicho.

Hapa nimkumbushe mwanafunzi desturi moja ya taarabu ya Unguja na Pwani. Msikilizaji aliyeguswa na shairi huinuka, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwa noti. Fedha hutoka mkono mmoja ikaingia mkono wa pili, mbele ya macho ya ukumbi mzima. Wimbo ule ule ukisikilizwa katika simu mara elfu moja, fedha hupita mikono mingi isiyoonekana, na inapomfikia mwimbaji huwa imekonda. Kodi ya haki ingefuata njia hiyo ndefu na kukata pale fedha ilipo nene.

Imebaki hoja ya maadili, nayo nitaipitia kwa haraka. Kodi haina masikio. Haiwezi kutenga utungo wenye hekima na wimbo wa matusi; zote zikiuzwa hukatwa sawa, na kwa kawaida wenye matusi una soko kubwa zaidi la kuuwezesha kulipa na kuendelea. Anayetaka kupambana na sanaa duni anayo kazi ya uhakiki mbele yake, darasani, katika magazeti na redioni. Kuikabidhi kazi hiyo kwa mkusanya kodi ni kukiri kwamba sisi wahakiki tumeshindwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa hazina. Wao husema kwamba fedha za umma zisifungwe katika visanduku; kwamba shilingi ikikusanywa iende penye haja kubwa, na zahanati isiyo na dawa ina haja kubwa kuliko kikundi cha maigizo. Sina jibu la kulifuta pingamizi hilo. Mtoto mgonjwa hangoji zumari. Lakini naona kwamba katika mashindano ya kila mwaka ya kugawana fungu kuu, sanaa hushindwa kila mwaka, na si kwa sababu mtu ameichukia. Kwa mfano, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ulipofufuliwa ulianza kuwapa wasanii mikopo. Mkopo humfaa mwenye studio anayeweza kuurudisha. Kwa mzee anayewafundisha watoto kupiga marimba, mkopo ni deni tu.

Hata kisanduku kikikubaliwa, ugawaji wake utahitaji busara kuliko ukusanyaji. Ufaransa hurudisha sehemu ya fedha kwa watengenezaji kulingana na tikiti walizouza. Tukiiga hivyo hivyo, fedha zote zitarudi Dar es Salaam kwa wale ambao tayari wanajulikana. Huko Bujora karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Hakuna tikiti. Umati wenyewe ndio hesabu, nao hautoi stakabadhi ambayo kamati ya mjini ingeikubali. Kwa hiyo nusu ya fedha, kwa maoni yangu, igawanywe kwa wilaya, kwa vikundi vinavyofundisha vijana na kwa shule zenye somo la Sanaa za Maonyesho, na majina ya waliopewa na kiasi walichopewa yabandikwe hadharani penye ubao wa matangazo wa halmashauri. Itahitajika kwanza orodha ya vikundi vilivyo hai, mahali vilipo na mafundi wake. Maofisa utamaduni wa wilaya na walimu wa sekondari wanaweza kuianza orodha hiyo muhula huu, kabla Bunge halijagusa kifungu hata kimoja cha sheria.